Dakika Moja Kwenye Kona Nyekundu

Sogeeni. Aliye na jibu la haraka alikalie kwanza, maana hadithi hii imeshawahi kugombanisha watu waliokuwa wakinywa chai ya birika moja.

Palikuwa na watu watatu mjini Morogoro, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Zuberi Lugome, fundi viatu wa jirani na stesheni ya reli. Kipawa chake kilikuwa kufundisha. Ukimpa kiatu kilichochakaa, anaigeuza soli na kukuambia mwenye kiatu anasimamaje, anaegemea wapi, na akisukumwa ataangukia upande gani. Huko kujua kusimama ndiko kulikomfikisha kwenye ngumi. Kwa miaka ishirini na saba alifundisha katika ghala kuukuu la katani, chini ya bati lenye matundu, na magunia ya kupigia aliyajaza mabaki ya katani yaleyale yaliyoachwa humo. Katika miaka yote hiyo hakuna bondia wake hata mmoja aliyewahi kupigania mkanda.

Wa pili ni Perpetua Mgaya, nesi mstaafu, mzaliwa wa Mahenge, ambaye mji mzima ulimwita Sista. Kipawa chake kilikuwa kusimamisha damu. Alikaa miaka thelathini kwenye chumba cha majeruhi, na vidole vyake vilijua mahali pa kubonyeza kabla macho hayajaliona jeraha. Alifika ghalani siku moja kumfuata mpwa wake aliyepasuliwa mdomo, akaona wanavyomfuta kwa kitambaa kichafu, akawafokea wote, na tangu siku hiyo hakuondoka.

Wa tatu ni Dismas Kobelo, mwalimu wa hesabu wa sekondari, miaka thelathini na minne, miwani minene, mtu ambaye hajawahi kumpiga mwenzake hata kofi. Kipawa chake kilikuwa kuona. Akitazama pambano mara mbili kwenye simu, anakuambia mpiganaji huyu anapumua lini, anachoka lini, na mkono gani unamsaliti. "Kila mtu ana kosa analolipenda," alizoea kusema. "Ukilijua hilo, umemjua."

Na katikati yao alikuwapo bondia mwenyewe, Idrisa Mloka. Aliingia ghalani peku akiwa na miaka kumi na minne, akaomba kufagia ili aruhusiwe kutazama. Sasa alikuwa na ishirini na mitano, anabeba mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anaishi na mama yake, Bi Hidaya, mpika vitumbua. Viatu vyake vya ulingoni Zuberi alimshonea kwa mkono, jozi baada ya jozi, kila mguu ulipokua.

Siku moja ya Jumatatu Zuberi alikuwa na kiatu magotini na misumari mdomoni simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mwandaaji wa mapambano wa Dar es Salaam, mtu ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kujibu ujumbe wa Zuberi hata mmoja.

"Kocha, una mtu wa kilo sitini na moja?"

Zuberi akatema misumari kiganjani. "Ninaye."

"Bondia wangu kavunjika kidole. Mwansa, bingwa wa Zambia, anakuja, watu wameshanunua tiketi, na mkanda uko mezani. Raundi kumi. Zimebaki siku kumi na tisa. Mtu wako ataweza?"

Zuberi alijua wanachokitafuta. Walitaka mtu wa kupigwa kwa heshima, raundi nne au tano, umati urudi nyumbani umeridhika. Alijua pia kwamba siku kumi na tisa hazitoshi kumwandaa mtu kwa raundi kumi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, akaificha chini ya aproni ingawa hapakuwa na wa kuiona.

"Ataweza," akasema.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi mmoja jijini uliojaa joto na filimbi. Kona ya bluu alikaa Mwansa na watu wake sita waliovaa sare. Kona nyekundu alikaa Idrisa, na nyuma yake fundi viatu, nesi mzee na mwalimu wa hesabu. Watu wa viti vya mbele waliwatazama wakacheka.

Raundi tatu za mwanzo zilikuwa za Zuberi. Kila alichokipanda kwa miaka kumi na mmoja kilionekana kwenye miguu ile: Mwansa alirusha, Idrisa hakuwapo, Mwansa aligeuka, Idrisa alikuwa ameshafika upande wa pili, ameshapiga, ameshaondoka. Kicheko cha viti vya mbele kikafa. Bila mafunzo ya Zuberi, Idrisa angelala chini kabla watu hawajamaliza kutafuta viti vyao.

Raundi ya nne na ya tano zilikuwa za Perpetua. Vichwa viligongana, na ngozi juu ya jicho la kushoto la Idrisa ikafunguka kama mfuko uliochanika. Daktari wa ulingoni akapanda, akamulika, akasema, "Raundi moja tu. Ikiwa bado inamwagika, nasimamisha."

"Haitamwagika," Sista akajibu bila kumtazama. Akabonyeza, akapaka dawa ya kubana mishipa, akabonyeza tena, akafunika kwa mafuta ya mgando. Sekunde hamsini. Daktari aliporudi baada ya raundi ya tano, akainama, akatazama, akaashiria waendelee, akashuka ngazi. Bila mikono ya Perpetua, pambano lingeishia hapo.

Raundi ya sita na ya saba zilikuwa za Dismas. Alichuchumaa chini ya ulingo, kidevu usawa wa turubai, midomo ikichezacheza kama anayekariri jedwali. Kengele ilipolia akapanda, akamwambia Zuberi sikioni: "Nimelipata. Akirudi nyuma hatua mbili, mkono wa kushoto unashuka. Kila mara. Kabla haujapanda tena, kidevu kiko wazi." Bila macho ya Dismas, Idrisa angepoteza kwa pointi, maana Mwansa alikuwa na nguvu zaidi na alianza kumfikia.

Ikaja raundi ya nane, na hiyo ilikuwa ya Mwansa. Alimbana Idrisa kwenye kamba akampiga kichwani, kushoto, kulia, kushoto, kwa utulivu wa mtu anayepigilia mbao. Ukumbi ulipiga kelele mpaka mwisho. Idrisa hakuanguka. Kengele ilipolia, alitembea mwenyewe mpaka kwenye kigoda chake.

Hapo ndipo ilipoanza dakika ninayotaka muisikilize vizuri.

Zuberi alipiga goti mbele yake, akamtoa kinga ya meno, akamnywesha maji.

"Kocha," Idrisa akasema, "hii raundi ya ngapi?"

"Imeisha ya nane. Inakuja ya tisa."

Idrisa akaitikia kwa kichwa. Akasukutua, akatema kwenye ndoo. Kisha akamtazama Zuberi kwa macho ya upole kabisa.

"Kocha, hii raundi ya ngapi?"

Zuberi aliisikia vizuri. Taulo lilikuwa begani mwake, na kwa sheria za ngumi ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kulirusha ulingoni kusimamisha pambano. Akamtazama Perpetua: alikuwa ameinamia lile jicho, anabonyeza, hasemi kitu. Akamtazama Dismas: alikuwa amejigusa bega la kushoto kwa vidole viwili, ishara ya lile pengo. Wenzangu hawa wanajua kazi yao, Zuberi akajiambia. Kama kuna jambo wangesema. Ni kelele za ukumbi, hakunisikia mara ya kwanza. Na chini kabisa ya mawazo hayo, mahali ambapo hata yeye hakupenda kuchungulia, palikuwa na miaka ishirini na saba.

"Akirudi nyuma tu," akasema, "mkono wa kulia, juu ya kushoto kwake. Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha."

"Basi nenda."

Dakika ya pili ya raundi ya tisa, Mwansa alirudi nyuma hatua mbili. Mkono wa kushoto ukashuka. Idrisa akaupitisha wa kulia, ngumi fupi isiyokuwa na mbwembwe, na bingwa wa Zambia akakaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti. Mwamuzi akahesabu mpaka kumi. Watu wakapanda juu ya viti. Zuberi alilia mbele ya kadamnasi, na hakuona haya.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Idrisa aliketi kwenye benchi na mkanda mapajani, akiutazama kama aliyeombwa kushika mzigo wa mtu mwingine.

"Kocha," akasema, "tunaingia ulingoni saa ngapi?"

Kisha akatapika, akaegemea ukuta, akateleza mpaka sakafuni.

Hospitalini walilifungua fuvu lake jioni ileile. Daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alitoka akawakuta wote watatu wamekaa kwenye benchi la korido, Perpetua bado na damu kavu kwenye kucha.

"Ataishi," akasema. "Zaidi ya hapo sijui. Damu ilikuwa imejaa ndani, upande wa kushoto. Na haikuanza baada ya pambano. Ilianza pambano likiendelea, kwa nionavyo muda mrefu kabla ya mwisho. Hakuna hata mmoja wenu aliyeona dalili?"

Zuberi ndiye aliyeanza. "Aliniuliza raundi ya ngapi. Nikamjibu. Akaniuliza tena palepale." Akameza mate. "Nilisikia. Nilifikiri ni kelele."

Perpetua alikuwa amefumba macho. "Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa imepanuka kuliko ya kulia," akasema. "Niliiona baada ya raundi ya nane, nikiwa karibu naye kuliko nilivyo na wewe sasa. Nikajiambia ni ile dawa yangu, imemwingia jichoni ikaipanua. Inaweza kutokea. Nilijua inaweza kutokea, na nilijua pia inaweza kuwa jambo jingine. Nikachagua." Akafumbua macho. "Na nikasema moyoni, kama amechanganyikiwa, Kocha anazungumza naye, atajua."

Dismas alivua miwani akaikunja, akaikunjua.

"Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta," akasema. "Tangu katikati ya raundi ya nane. Nilihesabu. Mara saba. Nikadhani ni uchovu. Hapana, sikudhani, nilitaka uwe uchovu. Nilikuwa nimelipata lile pengo, wenzangu, na nilitaka kuona kama nimepatia. Nikasema Sista yuko naye, Sista ni nesi, kama kuna ubaya ataona."

Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Aliyeuliza mara mbili anaweza kuwa hakusikia," akasema polepole. "Mboni inaweza kuwa dawa. Mguu unaweza kuwa uchovu. Lakini zote tatu kwa pamoja..." Hakumalizia. "Mlikuwa na dakika nzima. Mngesemezana tu."

Akarudi ndani, na mlango ukajifunga wenyewe taratibu.

Idrisa alirudishwa Morogoro baada ya wiki saba. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia vilevile, na maneno yalimjia machache, mengine yamekosea njia: mama yake alimwita dada, maji aliyaita kesho. Bi Hidaya aliacha kupika vitumbua.

Wale watatu hawakumkimbia. Perpetua alifika kila asubuhi kumwogesha, kumgeuza ili asipate vidonda, na kumbadilishia mpira wa mkojo, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza bila kumuumiza. Zuberi alifika kila mchana kumlisha, kwa sababu Idrisa alikataa kufungua kinywa kwa mtu yeyote isipokuwa akisikia sauti yake: "Haya, pumzi, fungua." Dismas alifika kila jioni baada ya shule kumfundisha maneno upya, kikombe, mlango, mkono, kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kibandani kwa Zuberi watu waliendelea kusimama kumpongeza kwa mkanda. Aliwajibu kwa kichwa, misumari mdomoni.

Mwezi wa tatu tangu Idrisa arudishwe akaja mgeni. Aliitwa Bwana Pillay, mwenye klabu kubwa ya ngumi huko Durban, Afrika Kusini, yenye mabondia arobaini. Siku ile ya pambano alikuwa kiti cha mbele, amekuja kumtazama Mwansa ili amchukue. Walikaa naye ghalani juu ya mabenchi, Dismas akitafsiri.

"Nilikuja kwa ajili ya Mwansa," mgeni akasema, "nikaondoka nikiifikiria kona yenu. Nimekaa kwenye ngumi miaka arobaini, sijaona kona iliyofanya kazi vile na bondia aliyepewa siku kumi na tisa. Ninahitaji mkuu wa kona. Mkataba wa miaka mitatu, nyumba, na mabondia watakaopigania mikanda ya dunia. Lakini ni mtu mmoja. Kibali cha kazi nilichonacho ni kimoja."

"Unamtaka nani?" Zuberi akauliza.

"Namtaka aliyelishinda lile pambano. Na kutoka kitini kwangu sikuweza kujua ni nani: aliyefundisha, aliyezuia damu, au aliyeona. Nyinyi mnajua. Wewe ndiye kiongozi wa klabu, kwa hiyo wewe utaandika jina na kutia sahihi." Akatoa karatasi moja. "Naondoka Ijumaa saa sita mchana."

"Unajua kilichompata bondia wetu?"

"Najua."

"Mwambie yote," Zuberi akamwambia Dismas. "Swali, mboni, mguu. Yote. Usipunguze."

Dismas akatafsiri. Alipofika kwenye mguu alianza upya sentensi hiyo akaimaliza. Bwana Pillay alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nimezika mabondia wawili," akasema hatimaye. "Kona zao pia zilikuwa na watu wazuri. Basi nipeni mtu ambaye alilishinda lile pambano, na ambaye safari nyingine hatanyamaza. Kama ni mtu mmoja, au kama hayo ni mambo mawili yasiyokaa kwa mtu mmoja, sijui. Mtaniambia."

Walipotoka hapo walikwenda moja kwa moja kwa Bi Hidaya, wamekubaliana njiani kwamba watakataa. Walimkuta anamkanda Idrisa mkono uliolala, anausugua kwa mafuta ya nazi kutoka begani mpaka vidoleni.

"Mama, tumeitiwa kazi nje," Zuberi akasema. "Mmoja wetu. Tumekuja kukuambia hatuendi."

Bi Hidaya hakuacha kusugua. "Hamwendi kwa nini?"

"Tutaendaje, mama, na huyu yuko hivi?"

"Na mkibaki wote atainuka?"

Bi Hidaya akamimina mafuta mengine kiganjani.

"Nafasi hiyo mwanangu ameitolea kichwa chake," akasema. "Asipokwenda mtu, basi alipigwa bure, na mimi sitaki kuambiwa alipigwa bure. Mmoja aende. Wawili wabaki, maana mtoto huyu ni mzito na mimi ni mmoja."

"Aende nani, mama?" Perpetua akauliza kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo Bi Hidaya alipowatazama. "Mimi nimeshatoa mtu. La kuchagua msiniongezee."

Dismas akachuchumaa kando ya kitanda, akamweleza Idrisa polepole, kwa maneno yale machache aliyokwisha kumfundisha. Mmoja aende. Mbali. Nani? Idrisa alikunja uso kwa kufikiri. Akainua mkono wa kushoto, mzima. Kidole kikamwelekea Zuberi, kikakaa. Kikahamia kwa Perpetua, kikakaa. Kikahamia kwa Dismas. Kisha akakitazama kile kidole chenyewe, akasahau kilikuwa kinatafuta nini, akacheka.

Alhamisi mchana wakakutana ghalani, wakafunga mlango.

"Mimi naitaka," Perpetua akasema kabla wenzake hawajakaa. "Sitawadanganya. Nyinyi wawili mliona kitu msichokuwa na uhakika nacho. Mimi nilisomea. Miaka thelathini nimemulika macho ya watu. Aliyejua zaidi ndiye aliyekosa zaidi, na ndiye ambaye hatarudia hata akiwekewa kisu shingoni. Kule kuna vijana arobaini. Nani atawatazama mboni?"

"Na Idrisa nani atamwogesha?" Dismas akauliza. "Sista, wewe ukiondoka, mimi na Kocha tutamwozesha mgongo ndani ya mwezi."

Perpetua akatazama vidole vyake.

"Mimi nilidhani siitaki," Dismas akaendelea. "Nikalala nayo, nikaamka naitaka. Bila lile pengo tungepoteza kwa pointi."

"Kwa hiyo unasema ulishinda wewe?"

"Nasema mimi ndiye niliyempeleka raundi ya tisa, Sista. Ningesema sijaona kitu, Kocha angekuwa hana sababu ya kuendelea. Ni langu, kushinda kwake na kuumia kwake. Nina miaka thelathini na minne. Nikibaki hapa nitasimama ubaoni na kuuhesabu mguu ule mpaka nistaafu. Kule ningeweza kuhesabu kwa faida ya mtu."

"Wewe unaona," Perpetua akasema, bila ukali. "Sijawahi kukataa. Lakini kuona si kusema, na hujawahi hata siku moja kumwambia mkubwa wako simamisha. Ungeanzia ugenini?"

Dismas akainama, akaokota nyuzi za katani sakafuni, akazisokota. "Na anaongea na mimi," akasema, kama anayejijibu mwenyewe. "Juzi alisema mlango. Nikiondoka sasa maneno yatarudi yalikotoka."

Wakamgeukia Zuberi.

"Kocha, na wewe?"

Zuberi alikuwa ametazama magunia yanavyoning'inia. Alitaka kusema kwamba yeye ni mzee, waende wao. Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yamejipanga mdomoni. Lakini yalipofika kwenye ulimi yalikuwa na ladha ya uongo.

"Nina miaka hamsini na minane," akasema. "Simu kama ile haitalia tena. Nilimfundisha kusimama nikiwa nimemshonea na viatu vya kusimamia. Kama kuna aliyeshinda pambano lile kabla halijaanza, ni mimi. Sasa sikilizeni na upande wa pili. Sista hakuwa na ruhusa ya kurusha taulo. Dismas hakuwa nayo. Lilikuwa begani mwangu."

"Usingekosea kama tungekuambia," Perpetua akasema.

"Nisingehitaji kuambiwa kama ningemsikiliza."

"Na Idrisa hali chakula bila wewe," Dismas akasema.

"Hali," Zuberi akakubali.

Hawakufika popote. Dismas alipendekeza wapige kura. Kila mmoja akaandika jina kwenye kipande cha karatasi. Walipokunjua, kulikuwa na majina matatu tofauti, na hakuna aliyekuwa amejiandika mwenyewe. Dismas alimwandika Sista. Sista alimwandika Kocha. Kocha alimwandika Dismas. Wangecheka, siku nyingine.

Ijumaa saa tano na nusu asubuhi Zuberi alikuwa kibandani, karatasi ya Bwana Pillay juu ya goti pale anapoweka viatu. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina na mmoja wa sahihi. Ng'ambo ya barabara aliliona gari la mgeni, buti limefunguliwa, dereva anapakia mabegi.

Alijaribu kuandika jina la Perpetua, akamwona Idrisa amelala upande mmoja tangu asubuhi, anamsubiri wa kumgeuza. Alijaribu jina la Dismas, akawaona mabondia arobaini, na kijana mpole mwenye miwani anahesabu mguu unaoburuta, moja, mbili, tatu, akingoja mkubwa fulani aseme neno. Alijaribu jina lake mwenyewe. Mkono haukutetemeka safari hii, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kisha akafikiria kuiacha wazi, akamsikia Bi Hidaya akisema alipigwa bure.

Buti likafungwa. Bwana Pillay akavuka barabara, taratibu, akisubiri bodaboda zipite, mkono ameutanguliza kupokea karatasi.

Hapo ndipo wote wanaosimuliwa hunyamaza, na hapo ndipo nami nawaachia. Walikuwa watatu. Kila mmoja alifanya kazi ambayo bila hiyo ushindi usingekuwapo. Kila mmoja alikaa kimya ambacho kama kingevunjwa, Idrisa angesimama leo kwa miguu yake miwili. Kila mmoja anahitajiwa kule na vijana asiowajua, na anahitajiwa hapa na mmoja anayemjua. Mgeni ameshafika mlangoni, na kalamu ni yenu sasa. Msiniambie mngemhurumia nani. Niambieni mngeandika jina la nani. Na ukishaliandika, utakwenda kumwambiaje Bi Hidaya kwamba ni huyo?